Mstari wa Saba

Jumamosi, saa nne, darasa la chekechea, mtaa wa Rhonda.
Watu wazima tumekalia viti vya watoto,
magoti yamekaribia videvu,
na ukutani a, e, i, o, u zinatutazama
kama mashahidi wasiokula kiapo.
Mimi ndiye karani. Nimenunua daftari jipya,
nikaitia mistari yake nambari kwa kalamu nyekundu ya binti yangu,
na juu nikaandika: Shauri la Mtaro.

Nyaboke hufua nguo za watu.
Maji yake hutoka mlangoni na povu jeupe,
yakifika kwa Wafubwa yamekuwa meusi kama strungi.
Wafubwa huuza makaa.
Magunia matatu yamelowa, asema.
"Makaa yangu hayawaki. Ninayewaka ni mimi."

Basi usiku mmoja akauziba mtaro kwa mawe na saruji.
Mvua ya Aprili ikaja, ikakuta njia imefungwa,
ikarudi ndani kwa Nyaboke,
ikapanda kitanda,
ikavisoma vitabu vya Moraa ukurasa kwa ukurasa
hadi herufi zikayeyuka.
Amevileta, ndani ya karatasi ya nailoni.
Vimevimba kama mandazi.

Hayo yote niliyaandika,
mstari wa kwanza hadi wa sita.

Ndipo Wafubwa akasema lile neno.
Halikuwa refu: Rudini kwenu.

Mgeni wa mji huu hawezi kuujua uzito wake.
Sisi tuliolala uwanjani mwaka ule,
tukiwahesabu watoto gizani kwa kuwagusa vichwa,
tunajua kwamba neno hilo hutangulia,
na kibiriti hulifuata nyuma
kama mdogo wake.
Kalamu yangu ikasimama.
Nje, mtu alikuwa akiita wateja wa sukumawiki,
na sauti yake ikaonekana kutoka mbali sana.

Chelang'at, mwenyekiti wetu, muuza maziwa,
asiyepandisha sauti hata ng'ombe akimkanyaga,
alikaza mfuniko wa mtungi wake, akauliza:
"Wafubwa, ulishuka kwenye basi hapa mjini mwaka gani?"
"Tisini na sita."
"Nyaboke?"
"Tisini na tatu, mwezi wa pili. Nilishuka na kuku."

Mtu alicheka huko nyuma, kisha wengine,
kisha, wala sikutegemea, Wafubwa mwenyewe:
kicheko kikavu, cha mtu aliyejikwaa mbele za watu
akajipapasa, akaona hajavunjika.

Hakuomba msamaha. Sitamwandikia alichokosa kusema.
Alisema, "Bomba la inchi nne. Nusu nitalipa."
Nyaboke akasema vitabu vya mtoto navyo vina bei.
Wakavutana hadi saa saba,
tumbo la mwenyekiti likilalamika,
nami nikashusha pumzi,
kwa maana anayetaka uhame
hakuombi umpunguzie shilingi hamsini.

Jumapili wakachimba.
Udongo wetu ni majivu ya mlima, haubishani na jembe,
ila masika yakizidi hupasuka usiku bila kubisha hodi,
ukameza ua wa huyu na choo cha yule.
Kwa hiyo walishuka kina cha kiuno,
hawakuzungumza, isipokuwa
"lete hapa," na "inua kidogo," na "basi."

Jioni Wafubwa alinijia, nikiwa kwenye cherehani.
"Maji yanapita," alisema. Akasitasita.
"Na lile neno. Umeliandika?"

Nikamfungulia daftari.
Mstari wa sita. Halafu wa nane: bomba, inchi nne.
Wa saba mtupu.

Aliutazama kwa muda.
Kidole chake kikaupitia polepole
kutoka kushoto hadi kulia,
kama mtoto anayejifunza kusoma,
kikaacha alama ya makaa.

Sikuifuta.